Pikipiki Iliyokohoa

Jana jioni mmoja wenu alituma picha ya pikipiki yake mpya katika kikundi chetu cha simu. Nimeiangalia mara nyingi kuliko inavyomfaa mzee ambaye hapandi tena. Ni nyekundu, kiti bado kina plastiki ya dukani, na tangi linang'aa mpaka unaona mawingu ndani yake. Mwenyewe amesimama kando na kaske kichwani, kioo kimeshushwa, uso hauonekani. Chini ameandika: "Mutoto mupya amefika parkingi." Mmoja akauliza inakunywa mafuta kiasi gani. Mwingine akauliza kama breki ya mbele ni ya sahani. Wengine mkapiga makofi ya simu. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Nilitaka kuandika jambo pale pale, lakini vidole vyangu ni vinene na simu yangu inabadilisha maneno yenyewe. Kwa hiyo nimechukua daftari. Binti yangu atapiga picha kila ukurasa na kuwatumia. Mtakaochoka, chokeni bila kelele.

Niseme mapema kwamba sikusoma sana, niliishia darasa la sita. Miaka yote niliyobeba watu hapa Likasi niliandika kila jioni yaliyotokea parkingi, na kila ninaposoma tena nakuta nimekosea mahali. Basi na haya yasomeni hivyo. Huyu ni mtu anayekumbuka, hawaambii kwamba anajua.

Pale parkingi ya chini ya soko tulianza wawili, Papa Kalenga na mimi. Papa Kalenga alikuwa ametoka kiwandani, kwenye pampu. Kule, alinieleza, aliyemaliza zamu hakuondoka hivi hivi. Alimtambulishia mashine yule anayeingia: leo inatetemeka hapa, ile bolti ya chini usiiamini, ukisikia inafyonza namna hii, zima. Alipofika motari wa tatu, mbeba watu kwa pikipiki kama sisi, kusimama nasi, Papa Kalenga akamwambia azime injini na aitambulishe pikipiki yake kwanza. Ndiyo ikawa desturi.

Ninyi mmekuta vipande vyake tu. Zamani mwenye pikipiki mpya hakubeba mteja kabla hajaitambulisha. Aliisimamisha katikati yetu, akavua kaske, akawasha, akazima, akawasha tena. Akasema imetoka wapi, nani aliifunga bolti, na kilema chake ni nini. Kilema kilikuwa lazima. Ukisema haina kilema, Papa Kalenga anakurudisha nyumbani: "Enda ulale nayo, baba. Kesho utatuletea kilema." Halafu mkubwa mmoja anaketi nyuma yako kama mteja wa kwanza, mnakwea kile kilima cha kwenda Panda na kurudi. Akishuka anasema neno moja tu, "Amenibeba," na mimi naandika. Kisha Papa Kalenga anaita, "Anayefuata?", hata kama hakuna anayefuata.

Mimi mwenyewe pikipiki yangu ya kwanza niliiachia plastiki ya kiti miezi mingi. Niliona fahari. Jua likaikausha, ikawa inalia kama karatasi kila mteja akiketi, nami nikaendelea kuifuta kwa kitambaa. Siku moja ya mvua nilimbeba mama mmoja na beseni la samaki wakavu. Tulipoanza kukwea nikasikia mzigo umekuwa mwepesi, nikafurahi, nikasema moyoni, hii injini kweli ina nguvu. Nilifika juu peke yangu. Mama alikuwa ameteleza taratibu nyuma, ameketi barabarani, beseni juu ya magoti, samaki hawajamwagika hata mmoja. Aliponiona narudi alisema tu: "Papa, minye nilikulipa ya kufika." Hakuumia, namshukuru Mungu. Papa Kalenga aliichana ile plastiki mbele ya watu wote, na tangu siku ile jina langu likawa Plastiki. Kwa hiyo wewe wa picha ya jana, sikucheki. Ichane leo.

Na mengine nikiwa hapo hapo, kabla sijasahau. Pikipiki mpya inakuja ndani ya karatoni, vipande vipande, inafungwa dukani na mtu mwenye haraka. Siku ya kwanza zunguka bolti zote na ufunguo wako mwenyewe, hasa za usukani na za ekseli. Mnyororo uache ulegee vidole viwili, usiukaze kama waya wa kuanikia nguo. Mafuta ya kwanza ya injini yamwage mapema bila kuyahurumia, na yakitoka yatazame juani. Ukiona vumbi linalong'aa usiogope, vyuma vinazoeana. Na usikimbie mwendo mmoja njia nzima mpaka Kapolowe ukidhani unaitunza. Injini mpya inataka kubadilishiwa mwendo, kama mtu anayejifunza kutembea. Haya niliyajua vizuri, hata sasa sina shaka nayo. Shaka yangu iko kwa jambo lingine.

Asubuhi moja alifika mtu wa miaka kama thelathini, mwembamba, viganja vimepasuka. Alikuwa mchimbaji kule Kamatanda, na jasho lake lote la shimoni alilitia katika pikipiki moja nyekundu. Aliisimamisha katikati kama inavyotakiwa, akavua kaske.

"Bonjour, bakubwa. Minye naitwa…"

"Jina tutaisikia tu, baba," nikamwambia. "Washa kwanza tuisikie yeye!"

Watu wakacheka. Akawasha. Sauti ilikuwa safi, imejaa. Akavuta gesi, safi. Akaachia gesi, ikasema kohh, koh-koh. Kimya kidogo, halafu tena koh.

"Iko na kifua!" mmoja akapiga kelele.

"Kifua gani? Ile njo kikohozi," Papa Kalenga akasema. "Mumupeleke kwa docta!"

Yule mtu akacheka pamoja nasi, bila hasira. "Njo kilema yake, bakubwa. Sikuficha."

Nilimpeleka mimi mwenyewe kilimani nikiwa mteja wake wa kwanza. Aliendesha vizuri, hakukata kona kwa ujinga. Nikashuka nikasema, "Amenibeba." Jioni nikaandika ukurasa mzima. Niliandika rangi, namba ya fremu, mkwaruzo mdogo wa tangi upande wa kushoto, spoki mbili zilizolegea nyuma, na kule kukohoa. Niliandika hata sababu yake: ile joint, gasketi ndogo pale bomba la moshi linapoingia kwenye injini haikukaa vizuri, inavuta hewa, na ukiachia gesi moto uliobaki unapasukia humo. Kitu cha dakika chache. Kila nilipomkuta nilimwambia abadilishe. Kila mara alijibu, "Kesho, mukubwa," kwa sababu wateja walikuwa wameanza kumpenda kwa ile sauti. Tukamwita Kikohozi.

Leo asubuhi nilimpigia Papa Kalenga, siku hizi analima mahindi Kapolowe, nikamuuliza anavyokumbuka. Anasema sikumkatiza yule mtu. Anasema mtu huyo mwenyewe ndiye alikuwa na haraka ya kuonyesha pikipiki, kama kila mtu. Nimeandika maneno yake hapa ili haki iwe sawa. Lakini daftari la siku zile liko mbele yangu. Juu ya ukurasa kuna mahali pa jina, na mahali hapo niliacha nafasi nyeupe, nikidhani nitamuuliza kesho. Nafasi ya mama yake na ya nyumba yao sikuiacha hata, kwa sababu hatukuwa tukiuliza hayo.

Miezi kadhaa ikapita. Asubuhi moja mvua imekatika, barabara ya Kamatanda bado ina utelezi, Kikohozi aligongana na lori. Dereva alisema alipiga honi. Wengine walisema hakupiga. Mimi sikuwapo, siwezi kumpa mtu kosa. Mwenye gari dogo alimwokota akampeleka hospitali, na motari wenzetu wakaleta pikipiki yake mpaka parkingi. Usukani ulikuwa umepinda, taa imevunjika, kioo kimoja hakipo. Injini ilikuwa nzima.

Papa Kalenga na mimi tulikimbia hospitalini. Muuguzi alikuwa na karatasi.

"Jina yake?"

"Kikohozi," nikasema.

"Papa, nimeuliza jina. Sikuuliza ugonjwa."

Tukapekua mifuko ya nguo zake. Simu yake ilikuwa imepondeka. Kadi yake ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho chetu, hakuwa nayo. Wengi tulikuwa tunaiacha nyumbani isilowe jasho. Daktari akatoka, mtu mpole, akatuambia wazi: mguu lazima waushughulikie siku ile ile. Wataanza na walichonacho, hawatamwacha hivyo. Lakini hajitambui, hawezi kusema kama kuna dawa inayomdhuru au ugonjwa alionao. "Kama kuna muntu anayejua mwili yake, mumulete mbio. Tutangoja saa moja tu, kiisha nitaanza."

Wanangu, nilisimama pale nikahesabu ninayoyajua. Nilijua buji yake, ile plagi ya injini, ni ya aina gani. Nilijua tairi ya nyuma aliibadilisha lini. Nilijua mkwaruzo wa tangi. Mimi ndiye niliyekuwa mteja wake wa kwanza, mimi ndiye niliyesema "Amenibeba" mbele ya watu, na sikujua nimebebwa na mtoto wa nani.

Papa Kalenga akasema yeye ataenda Kamatanda kuwauliza wachimbaji. Tulirudi parkingi, na kwa kuwa tairi yake ilikuwa imetoboka, akachukua pikipiki yangu. Mtu mmoja wa parkingi alikumbuka kwamba Kikohozi kila asubuhi alitokea upande wa Kikula. Kwa hiyo Kikula ikawa yangu, na pikipiki iliyobaki pale, nyingine zikiwa na wateja, ilikuwa ile nyekundu. Baadaye watu walisimulia kwamba nilifanya akili, kwamba niliipanda makusudi. Si kweli. Nilipanda kilichokuwapo.

Nilizunguka na usukani umepinda, mkono mmoja mbele, mwingine tumboni. Kila kona nasimama nauliza. "Munamujua Kikohozi?" Wananitazama. "Motari moja mwembamba, alikuwa Kamatanda?" "Ah, papa, hapa wote balikuwa Kamatanda." Saa ilikuwa inakwenda. Niliingia barabara nyingine, mashimo yamejaa maji, nikaachia gesi, na ile pikipiki ikakohoa kati ya nyumba. Koh, koh-koh.

Mlango wa bati ukafunguka kwa kishindo. Mama mmoja, mtoto mgongoni, mwiko wa kusongea bukari mkononi.

"Weye! Mara ngapi tunakuambia uzime ile kitu mbele ya kufika kwangu! Mutoto amelala sasa hivi! Sasa hivi!"

Nikasimama. Akanikaribia na mwiko wake, akanitazama, akatazama pikipiki.

"Mais… weye si Josué."

Nilisikia jina. Kabla sijafungua mdomo akapaza sauti: "Mwizi! Ameiba pikipiki ya Josué! Mwizi!"

Mnajua lile neno linavyokimbia. Wanaume wawili waliokuwa wanajenga ukuta walikuwa tayari mbele ya gurudumu, mmoja amechomoa ufunguo. Nikavua kaske.

"Munisikie. Minye ni Plastiki, wa parkingi ya chini ya soko."

"Plastiki!" yule wa ufunguo akacheka bila furaha. "Mama yako njo alikupa ile jina?"

"Hapana. Jina yangu…"

Niwaambie ukweli, nilikwama. Kwa miaka mingi hakuna mtu pale parkingi aliyeniuliza. Nilikuwa naandika wengine tu. Nilisimama kati ya watu, mikono juu, natafuta jina langu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

Ndipo akatoka mama mzee wa nyumba ya pili, mikono ina unga mpaka viwiko.

"Mumuache. Ile ni pikipiki ya mutoto yangu, namujua sauti yake." Akaja taratibu. Aliangalia usukani uliopinda. Aliangalia taa. "Yeye iko muzima?"

"Iko muzima, mama. Iko hospitali. Docta anatafuta mama yake."

Hakulia. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaketi nyuma yangu, na yule wa ufunguo akaurudisha mwenyewe bila kunitazama. Mama wa mwiko alikuwa anasema, "Mungu wangu, na minye niko namutukana." Njiani mama mzee alinisemesha sikioni, kwa sauti kubwa kushinda upepo.

"Anaitwa Josué Mwamba. Muliandika jina yake kwenu? Alituambia kwiko papa moja anaandikaka bote."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Tuliandika."

Huo ulikuwa uongo. Nimekosea mambo mengi, lakini hili nalijua tarehe na barabara yake.

Tulifika daktari akiwa amevaa glavu. Mama hakumsalimu hata. Alisema: "Sindano ya pénicilline hapana! Akiwa mudogo ilimuvimbisha mpaka koo, tulikuwa tumeisha kumulilia." Daktari alichukua karatasi kwa muuguzi, akafuta mstari mmoja, akaandika mwingine. Sijui yangekuwaje bila mama, mimi si daktari, na sitaki kuongeza chumvi. Niliuona tu ule mstari aliofuta.

Josué alipona. Mguu mmoja ulibaki mfupi kidogo. Alipokuwa bado amelazwa, tulimnyooshea usukani, tukamtilia taa, na mimi kwa mkono wangu nikabadilisha ile joint. Nilijisikia nimefanya jambo kubwa. Wiki mbili baada ya Josué kuanza tena kuendesha, mama yake akatokea parkingi kwa miguu, katikati ya mchana.

"Nani alimuponyesha ile pikipiki kikohozi?"

Nikajitokeza na tabasamu langu.

"Sasa nitajua namna gani mutoto yangu amefika? Jioni niko najikalia, nangoja, nangoja, kumbe ameisha kuingia, yuko anakula!"

Parkingi nzima ikalia kwa kicheko, na Josué akainamisha kichwa kama mtoto. Mama naye alicheka. Halafu akaacha kucheka.

"Papa Plastiki. Unionyeshe pale uliandika jina yake."

Nilileta daftari. Josué alikuwa amejitambulisha upya siku aliporudi: alivua kaske, akasema jina lake, la mama yake, mtaa, hata ile sindano, ndipo akagusa pikipiki. Siku hiyo niliijaza ile nafasi nyeupe. Ila nilitumia kalamu nyekundu, wakati ukurasa wote ni wa bluu, kwa sababu niliona si haki ionekane kama iliandikwa siku ya kwanza. Mama alikuwa anasoma kidogo kidogo. Aliweka kidole pale.

"Hii nyekundu uliandika lini?"

"Kiisha, mama."

"Kiisha ya nini?"

"Kiisha ya hatari."

Watu walikuwa wameacha kucheka bila kujua kwa nini. Nilingoja aniambie maneno niliyostahili. Alisogeza daftari kwangu.

"Andika na jirani," akasema. "Mama Dorcas, ule wa mwiko. Njo alikusikia wa kwanza."

Nikaandika Mama Dorcas. Kuanzia pale desturi ikageuka: mtu kwanza, mama yake, nyumba, jirani, kinachomdhuru mwilini. Pikipiki ilikuja mwisho, na kilema chake. Walionung'unika kwamba inachosha walikuwa na sababu, wateja hawangoji. Sisemi tulifanya vizuri sana. Nasema tulifanya.

Sasa daftari lile limekwisha, mmehamia kwenye simu, na simu inapenda rangi. Wewe wa pikipiki nyekundu, sikujui, labda ni mtoto wa mtu ninayemjua. Josué yumo humo kikundini, ndiye yule mnayemwita Vieux, yaani Mzee, na hajui kutuma sauti. Muulizeni kama nimedanganya.

Usiku wa jana nilipekua daftari tangu mwanzo. Linaanza na motari wa tatu. Papa Kalenga hayumo, atajaza mwenyewe akija. Na mimi simo. Basi nimeufungua ukurasa wa ndani wa jalada, nimeandika haya yanayofuata kwa kalamu nyekundu, na ninawatumia kama yalivyo.

Minye ni Ferdinand Kasongo. Mama yangu alikuwa Marthe Ngoie. Ninakaa Panda, nyumba ya kona yenye geti la bluu lisilofungika. Mke wangu ni Mama Béatrice, habari mbaya mwambieni yeye kwanza, taratibu. Jirani ni Papa Sylvain, fundi cherehani. Mwilini, dawa ya kikohozi yenye rangi nyekundu inanipiga moyo. Kilema: sikio la kushoto limekufa, na la kulia lilizoea injini, basi ukinisemesha, rudia mara mbili. Pikipiki: sina tena.

Anayefuata?